Maneno ya Mawimbi na Majira Yake: Kutoka Nyarugusu Hadi Bahari ya Atlantiki

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mawimbi yanavyozaliwa, yanavyosafiri na yanavyovunja ufukoni kwa kufuata majira ya mwaka, na papo hapo kuyapima maneno ya Kiswahili yatumikayo katika kuyaeleza mambo hayo. Huenda msomaji akastaajabu kuona kwamba habari hizi za majini zinaanzia Nyarugusu, mahali palipo katika nyanda za juu za Kasulu, mkoani Kigoma, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, pasipo ziwa wala ufuko. Sababu yake ni hii. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka wa 1996 ili kuwapokea wakimbizi wa Kongo ya mashariki, na wengi wao walikuwa watu wa Fizi na Uvira, wenyeji wa kando ya Ziwa Tanganyika, waliolivuka ziwa hilo kwa mitumbwi na mashua. Watu waliolelewa majini wakaenda kukaa mlimani. Watoto waliozaliwa huko wamekua, na baadhi yao wamekwisha kuwa wazazi, hali hawajapata kuliona ziwa ambalo kwalo wazee wao waliishi.

Nilipokuwa Nyarugusu nilimsikia mzee mmoja, mvuvi wa zamani, akizungumza na mjukuu wake. Katika jamaa yao palikuwa na maneno ya kurudi kwao, na kijana alitaka kujua habari za ziwa.

"Babu," aliuliza, "wimbi huwa kubwa kama nini?"

Mzee alitazama paa la nyumba, akatazama mti, kisha akasema: "Usianze na ukubwa, mjukuu wangu. Kwanza uliza linatoka wapi, na upepo wake u wapi."

Kijana alinyamaza, na kwa kweli hakuelewa. Neno wimbi alilijua, kwa kuwa limo katika vitabu vya shule, na tena watu wa bara wanalo neno jingine la sauti hiyo hiyo, wimbi lile la nafaka, ambalo wengine huliita ulezi. Lakini kulijua neno si kukijua kitu chake. Naye asiyekijua kitu chake, akifika mwaloni siku moja akapewa kasia, neno lake halitamfaa. Ndiyo sababu nimeona yafaa kulifafanua jibu la mzee yule, kwani ndani yake mna elimu yote ya mawimbi kwa ufupi.

Mwanzo wa wimbi

Wimbi la juu ya maji, katika hali ya kawaida, ni mtoto wa upepo. Upepo ukipita juu ya maji yaliyo shwari huyakunja kidogo kidogo, na kila kikunjo hupata mgongo wa kusukumwa. Kadiri mgongo unavyoinuka ndivyo upepo unavyozidi kuushika. Mambo matatu huamua kimo cha wimbi: nguvu ya upepo, muda ambao upepo umevuma, na masafa ya maji ambayo upepo umeyapitia bila kuzuiwa na nchi kavu. Likikosekana moja katika matatu hayo, wimbi halikui. Tufani kali juu ya bwawa haiwezi kuleta wimbi kubwa, kwa kuwa masafa ni mafupi. Na upepo mwanana huweza kuvuma wiki nzima baharini usilete ila mawimbi madogo.

Wimbi likiwa bado chini ya upepo uliolizaa, huwa na sura ya vurugu: migongo ni mifupi, imekaribiana, na vichwa vyake vina povu. Hapo mabaharia husema kwamba bahari imechafuka. Lakini mawimbi yakitoka katika mahali pa upepo yakaendelea na safari yake, hujipanga yenyewe. Yaliyo marefu hutangulia kwa kuwa yana mwendo zaidi, na yaliyo mafupi hubaki nyuma yakafa. Baada ya siku kadhaa huonekana migongo mipana, laini, isiyo na povu, yenye kuinuka na kushuka kwa nafasi sawa. Kitenzi kinachofaa kwa wimbi la namna hii ni kuumuka, kitenzi kile kile kitumikacho kwa unga uliotiwa chachu. Mfano huu ni mzuri sana, kwa sababu unga uumukapo hakuna mkono unaouinua; vivyo hivyo wimbi la kuumuka huinuka mbele ya macho yetu pasipo upepo wowote.

Hapa tumelifikia jibu la mzee. "Upepo wake u wapi?" ni swali la kupambanua wimbi la upepo na wimbi la kuumuka.

Urefu na kimo

Kabla ya kuendelea hatuna budi kusafisha neno moja. Katika vitabu vya elimu ya sayansi, nafasi iliyo kati ya mgongo wa wimbi na mgongo wa wimbi linalofuata huitwa urefu wa wimbi. Jina hilo si kosa, lakini lina hatari yake, maana katika Kiswahili urefu hutumika kwa kitu kilicholala na kwa kitu kilichosimama pia: twasema kamba ndefu, na twasema mtu mrefu. Mtoto akiambiwa "wimbi refu" atafikiri juu ya wimbi lililosimama kama ukuta. Kwa hiyo napendekeza kwamba neno urefu liachiwe ile nafasi ya kulala, na kusimama kwa wimbi kuitwe kimo, kama tusemavyo kimo cha mtu. Wimbi huweza kuwa refu sana na kimo chake kikawa kidogo, na mara nyingi hilo ndilo linalowadanganya watu.

Urefu huenda pamoja na muda upitao kati ya wimbi na wimbi. Katika maji ya kilindi, wimbi ambalo muda wake ni sekunde 4 lina urefu wa mita 25 hivi. Lakini lile ambalo muda wake ni sekunde 14 lina urefu unaozidi mita 300, nalo huenda kwa mwendo upatao kilometa 79 kwa saa. Yafaa kuongeza kwamba kundi zima la mawimbi huenda kwa nusu ya mwendo wa wimbi mojamoja: mgongo huzaliwa nyuma ya kundi, hulipita kundi, kisha hufa mbele yake.

Jinsi wimbi linavyovunja

Wimbi halijui kina cha maji mpaka kina hicho kimepungua kufikia nusu ya urefu wake. Hapo huanza kuigusa sakafu. Lile la sekunde 4 huanza kuigusa kwenye kina cha mita 12 au 13, na lile la sekunde 14 kwenye kina cha mita 150. Likiisha kuigusa, mwendo wake hupungua, urefu wake hupungua pia, na kimo chake huongezeka, kwa sababu nguvu iliyokuwa imetandazwa mahali papana sasa inasongwa mahali pembamba. Mwishowe kichwa huupita mguu, wimbi likavunja. Kwa kadirio la kawaida, wimbi la kimo cha mita 1 huvunja mahali penye kina kama cha mita 1.3.

Namna ya kuvunja hutegemea mteremko wa sakafu. Penye mteremko mdogo kichwa humwagika polepole, povu likateremka mbele ya wimbi kwa masafa marefu. Penye mteremko mkubwa zaidi kichwa hujikunja na kuanguka kwa kishindo, na hilo ndilo wimbi la hatari kwa mashua. Mteremko ukizidi sana, wimbi halipati nafasi ya kuvunja, bali hupanda ufukoni na kurudi kwa nguvu.

Mahali ambapo mawimbi huvunja tungeweza kupaita mvunjo, kwa kufuata kanuni ya kuunda jina kutokana na kitenzi, kama tupatavyo mchezo kutoka cheza. Kisha tutenge mvunjo wa mwambani na mvunjo wa mchangani. Mwamba hauhami, kwa hiyo mvunjo wake haubadiliki mahali. Mchanga lakini huhama. Katika majira ya mawimbi makubwa, mchanga huchukuliwa kutoka ufukoni ukatuama nje kidogo na kufanya fungu. Katika majira ya utulivu, mawimbi madogo huurudisha polepole. Kwa hiyo ufuko wa mchanga alioujua mtu mwezi wa Februari si ule atakaoukuta mwezi wa Agosti. Tena, kati ya fungu na fungu huwa na mlango, na maji yaliyosukumwa ufukoni hutoka kupitia mlango huo kwa mkondo wa kurudi. Machoni pa mgeni mlango huo ni mahali pazuri pa kuogelea, kwa sababu mawimbi hayavunji hapo. Kumbe ndipo mahali pa kuchukuliwa. Aliyechukuliwa na mkondo huo asishindane nao, bali aogelee kwa kuufuata ufuko, mpaka atoke katika mlango, ndipo arudi.

Majira ya Atlantiki

Sasa na tuufuate mto. Mito mingi ya nyanda za Kasulu humiminika katika Mto Malagarasi, nao Malagarasi humiminika katika Ziwa Tanganyika kusini ya Kigoma. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani Mto Lukuga, ambao Cameron, msafiri wa Kiingereza, aliuona mwaka wa 1874. Mengi ya maji ya ziwa hurudi angani kwa mvuke, lakini yanayosalia hupita Lukuga karibu na Kalemie, huingia Lualaba, kisha Mto Kongo, na mwisho hufika Banana na Muanda, penye pwani fupi ya Kongo kwenye Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mvua inyeshayo juu ya mapaa ya Nyarugusu, walau tone lake moja moja, yaweza kufika katika mvunjo wa Muanda. Watu waliokuja Nyarugusu kutoka mashariki ya Kongo wana ufuko wa Atlantiki katika nchi yao wenyewe, ingawa u mbali nao kuliko Dar es Salaam.

Ufuko huo ni mfano mwema wa mvunjo wa mchangani wenye majira. Upepo wa mahali penyewe si mkali. Lakini katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo ni kipupwe katika nusu ya kusini ya dunia, tufani kubwa huvuma kati ya digrii 40 na digrii 60 kusini ya ikweta, mahali penye masafa makubwa ya maji yasiyo na nchi kavu. Mawimbi yazaliwayo huko husafiri kuelekea kaskazini zaidi ya kilometa 4,000. Tukilihesabu kundi la mawimbi ya sekunde 14, tutaona kwamba linahitaji kadiri ya siku tano kufika pwani ya Angola na Kongo. Nayo hufika siku ambayo mbingu ni nyeupe na majani ya minazi hayatikisiki. Mabaharia wa Kireno waliyapa mawimbi hayo mazito jina la calema. Kuanzia Novemba hadi Machi tufani za kusini hupungua nguvu na husogea mbali, na ufuko huwa mpole zaidi. Tena karibu na kinywa cha Mto Kongo kuna jambo jingine: maji ya mto yakitoka kwa nguvu na kukutana na wimbi linaloingia, wimbi husongwa, kimo chake kikazidi, likavunja hata mahali ambapo kina chake kingeliruhusu kupita salama.

Wimbi la Atlantiki, basi, hutenganishwa na upepo wake kwa siku tano na maelfu ya kilometa. Kule, aliyezoea kuutazama upepo tu atadanganyika.

Majira ya ziwa

Katika Ziwa Tanganyika mambo ni kinyume chake. Ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi, upana wa wastani wa kilometa 50, na kina kinachofika mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa kulifuata ziwa kwa urefu wake, tena kwa nguvu zaidi upande wa kusini. Katika miezi ya mvua pepo hupungua na kugeukageuka, lakini huja dhoruba za ghafula pamoja na ngurumo, ambazo huweza kulichafua ziwa kwa muda mfupi sana. Juu ya hayo pana pepo za kila siku: mchana upepo hutoka ziwani kuelekea milimani, na usiku hushuka kutoka milimani.

Kwa kuwa masafa yake ni mafupi yakilinganishwa na ya bahari kuu, wimbi la ziwa huwa fupi na la haraka. Huzaliwa na upepo wake na hufa na upepo wake. Halingoji siku tano. Mvuvi huona wingu, hupata upepo, na wimbi limekwisha kufika. Na kwa kuwa pwani nyingi za ziwa hili huteremka ghafula, wimbi hufika karibu kabisa na nchi kavu kabla ya kuvunja, hata hatari kubwa huwa pale pale mwaloni, mtu anaposhuka katika mtumbwi.

Jambo hili halikuwa la vitabuni tu mwaka wa 2015. Warundi waliokimbia mwezi wa Mei mwaka huo walikusanyika kwa maelfu Kagunga, ufukoni mwa ziwa, upande wa Tanzania, karibu na mpaka. Mahali hapo hapakuwa na gati. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka wa 1913, ilisimama majini, na watu wakapelekwa kwake kwa mashua ndogo, wazee na watoto na wagonjwa, kisha wakachukuliwa mpaka Kigoma na kutoka huko kwa gari hadi Nyarugusu. Mwezi wa Mei, kama tulivyosema, ndio mwanzo wa upepo wa kusini-mashariki. Mtu awezaye kukaa ufukoni akahesabu mawimbi, akangoja kundi kubwa lipite ndipo aisukume mashua, ana elimu ambayo siku kama ile huokoa roho.

Lipo wimbi lingine katika ziwa hili lisiloonekana kwa macho. Upepo wa kusini-mashariki ukisukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini, maji baridi ya chini huinuka upande wa kusini, pamoja na rutuba yake. Upepo ukilegea karibu na Septemba, tabaka hizi mbili huanza kupembea kama maji katika karai lililoinamishwa kisha likawekwa sawa; kwenda na kurudi kwake huchukua karibu mwezi mzima. Juu ya maji hapana dalili kubwa, lakini chini tabaka hupanda na kushuka kwa makumi ya mita, na rutuba ile hulisha viumbe vidogo vinavyoliwa na dagaa.

Upepo uliopanda mlimani

Pwani ya Bahari ya Hindi imetupa majina ya majira: kaskazi, kuanzia kadiri ya Desemba hadi Machi, kusi, kuanzia kadiri ya Mei hadi Septemba, na maleleji au tangambili kati yake, wakati pepo zinapobadilika. Pia imetupa bamvua na maji mafu, majina ya kujaa na kupwa kwa maji kufuatana na mwezi. Lakini katika sehemu nyingi za pwani yetu mawimbi ya bahari kuu huvunja nje, kwenye mwamba, na ndiyo sababu msamiati wa pwani ni tajiri zaidi katika pepo, tanga na maji kuliko katika mvunjo wa mchangani.

Majina haya si ya pwani pekee. Kusini ni kusi iliyotiwa kiambishi cha mahali -ni. Na kaskazini ni kaskazi iliyofanyiwa vivyo hivyo. Maana yake ya asili ni mahali upepo wa kusi unakotoka, na mahali upepo wa kaskazi unakotoka. Kwa hiyo mtoto wa Nyarugusu anayesimama darasani na kusema kwamba Burundi iko kaskazini, anataja upepo wa mabaharia bila kujua. Hata neno pwani lina kitenzi kupwa ndani yake, yaani mahali maji yanapopwa. Nalo limefika hadi kwenye maziwa ambayo hayana kujaa na kupwa kuonekanako. Lugha imebeba elimu ya majini ikaipandisha mlimani. Lakini imeibeba kama mzigo uliofungwa, na mwenye kuubeba hajui kilichomo.

Nionavyo mimi, kazi ya walimu na watungaji wa kamusi hapa si kubuni maneno mengi mapya. Wimbi la upepo, wimbi la kuumuka, kimo na urefu, fungu na mlango wake, mkondo wa kurudi, mvunjo wa mchangani na wa mwambani: maneno haya karibu yote yamo katika lugha, na yanangoja kufungwa pamoja na maana moja moja iliyo wazi. Jambo la haraka zaidi ni kuandika maneno ya wazee waliolijua ziwa, wakati wangali nasi. Mvuvi aliyekuwa na umri wa miaka 45 alipovuka mwaka wa 1996 sasa amepita miaka 70. Mwalimu aliye Nyarugusu, au penginepo kama hapo, aweza kuifanya kazi hiyo kwa daftari moja: aandike jina la upepo, miezi yake, linakotoka wimbi lake, na mahali linapovunja.

Kijana yule aliuliza juu ya ukubwa, nasi sote tungaliuliza hivyo hivyo. Jibu alilopewa lina maswali mawili: wimbi linatoka wapi, na upepo wake u wapi. Kama upepo upo hapa, ni wimbi la ziwa, na yafaa kungoja upepo utulie. Kama upepo haupo, wimbi limetoka mbali, na kutulia kwa hewa si dalili ya usalama. Akiyajua hayo kabla hajafika mwaloni, neno wimbi litakuwa limepata maana yake kwake, na babu yake atakuwa amemrithisha kitu ambacho vita havikuweza kukichukua.